Yai la Ng'ombe Halimngoji Mhimilishaji

Katika mikutano ya vyama vya msingi vya wafugaji wa maziwa lipo lalamiko ambalo halikosekani. Mwanachama husimama na kueleza kwamba amelipa ada ya uhimilishaji mara mbili, pengine mara tatu, na ng'ombe wake bado anarudi kwenye joto. Wengine huitikia kwa vichwa, kwa kuwa yamewapata hayo hayo. Mhimilishaji hulaumiwa, mbegu hulaumiwa, na katibu aliyepokea fedha na kuandika stakabadhi hubaki katikati ya pande mbili akiwa hana la kujibu. Hasira hiyo si ya bure. Ng'ombe akikosa kushika mimba leo, mwenyewe hungoja wiki 3 hivi kabla ya kupata nafasi nyingine, na muda wote huo majani hukatwa, pumba hununuliwa, na maziwa huzidi kupungua siku kwa siku.

Sababu za ng'ombe kutoshika ni nyingi. Mbegu huweza kuharibika ndani ya mtungi uliopungukiwa na naitrojeni, mkono wa mhimilishaji huweza kukosa ustadi, na mji wa mimba huweza kuwa na ugonjwa. Kila moja ina mahali pake na haifai kufichwa. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haimo katika mtungi wala mkononi mwa mtu. Imo katika saa ya ng'ombe mwenyewe, na saa hiyo hufanya kazi ndani ya viungo viwili vidogo viitwavyo ovari.

Anayetaka kuziona ovari aende machinjioni asubuhi na kuomba aonyeshwe mji wa mimba wa ng'ombe jike. Ataona mabomba mawili yaliyopinda kama pembe za kondoo dume, na karibu na ncha ya kila pembe kitu kigumu kidogo chenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Hiyo ndiyo ovari. Akiitazama vizuri ataona juu yake malengelenge yenye maji maangavu, mengine madogo kama punje ya mtama, na pengine moja kubwa kama zabibu. Kila lengelenge ni kifuko cha yai. Yai lenyewe limo ndani, dogo mno, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Mara nyingine ataona pia uvimbe wa rangi ya njano au ya chungwa uliojitokeza juu ya ovari kama kizibo. Huo ni tezi ya njano, ambayo habari zake zitafuata.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mganga Mholanzi Regnier de Graaf aliandika habari za vifuko hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1672, na hata leo kifuko kilichokomaa huitwa kwa jina lake. Yeye lakini alidhani kwamba kifuko kizima ndicho yai. Miaka 155 ilipita ndipo Karl Ernst von Baer, mwaka 1827, alipopasua kifuko cha mbwa jike na kuliona yai lenyewe kwa hadubini. Mfugaji asione haya, basi, kwa kutolijua jambo ambalo wataalamu walilikosa kwa karne moja na nusu.

Ng'ombe hatengenezi mayai mapya kila mwezi, kama wengi wanavyodhani. Mayai yake yote aliyapata alipokuwa bado tumboni mwa mama yake. Mtamba huzaliwa akiwa na makumi ya maelfu ya vifuko vidogo sana, kila kimoja na yai lake, na tangu hapo hesabu hupungua tu wala haiongezeki. Yai litakalotoka katika ng'ombe wa miaka 6 lina umri uliozidi miaka 6. Limekuwa likilala muda wote huo, na ukuaji wake ulisimamishwa kabla ndama hajazaliwa.

Kila siku vifuko vichache huamka na kuanza kukua polepole. Safari hiyo huchukua miezi kadhaa, na karibu vyote hufa njiani. Zamani ilidhaniwa kwamba kifuko kimoja hukua kwa utulivu kutoka joto moja hadi jingine. Mwaka 1960 mtafiti E. Rajakoski, kwa kuchunguza ovari za ng'ombe waliochinjwa, alisema kwamba vifuko hukua kwa mawimbi. Wengi hawakukubali. Katika miaka ya 1980 vyombo vya kupimia kwa mawimbi ya sauti viliwawezesha wachunguzi kuitazama ovari ya ng'ombe mzima siku baada ya siku, ikaonekana kwamba mawimbi yapo kweli.

Katika mzunguko mmoja wa joto ng'ombe hupata mawimbi mawili au matatu. Kila wimbi huanza pale tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, inapotoa homoni ya kukuza vifuko. Kundi la vifuko vyenye upana wa milimita 4 hivi huinuka pamoja. Baada ya siku chache kimoja hutangulia, na kikifika milimita 8 au 9 hushika utawala. Chenyewe hutoa homoni zinazoifanya pituitari ipunguze ile homoni ya kukuza vifuko. Wenzake, ambao bado wanaihitaji, hudhoofika na kufa. Kifuko kikuu huendelea kuishi kwa kuwa sasa kinaweza kutumia homoni nyingine ya pituitari, ambayo hapa itaitwa homoni ya kupasua kifuko. Ndiyo maana ng'ombe huzaa ndama mmoja kwa kawaida. Mara chache vifuko viwili hufika pamoja, na hapo hupatikana mapacha. Katika hilo mfugaji akumbuke kwamba mtamba aliyezaliwa pacha na dume, karibu kila mara, huwa tasa. Chama kisimgawie mwanachama mtamba wa namna hiyo kwa kuzaa.

Kifuko kikuu cha wimbi la kwanza aghalabu hakifiki mbali, na kinachokizuia ni ile tezi ya njano. Baada ya yai la joto lililopita kutoka, mabaki ya kifuko chake hayapotei. Hugeuka kuwa tezi ya njano na kutoa homoni iitwayo projesteroni, yenye kazi ya kuutuliza mji wa mimba ili ulee mimba. Wakati projesteroni ni nyingi, homoni ya kupasua kifuko hutoka kwa kiasi kidogo tu. Kifuko kikuu hukosa nguvu ya kukomaa, hufa, na wimbi jipya huanza. Siku ya 16 au 17 hivi, mji wa mimba ukiona hauna mimba, hutoa dawa yake wenyewe, prostaglandini, inayoiua tezi ya njano. Kizuizi kikiondoka, kifuko kikuu kilichopo wakati huo ndicho kitakachokomaa. Ng'ombe mwenye mawimbi mawili hurudi kwenye joto mapema kidogo, siku ya 20 hivi, na mwenye mawimbi matatu huchelewa hadi siku ya 22 au 23. Hivyo siku 21 zinazotajwa kila mahali ni wastani tu. Ng'ombe mzima huweza kurudi popote kati ya siku ya 18 na ya 24.

Hapo ndipo ilipozaliwa sindano ya kuita joto, ambayo wafugaji wengi wameisikia. Ni prostaglandini ile ile, au inayofanana nayo, na kazi yake ni kuiua tezi ya njano kabla ya wakati. Ng'ombe asiye na tezi ya njano iliyokomaa haitamsaidia, na ng'ombe mwenye mimba itamtoa mimba. Kumchoma ng'ombe ambaye hakupimwa ni kucheza kamari na ndama. Tena dawa hiyo hupenya ngozi ya binadamu. Mama mjamzito na mtu mwenye pumu wasiiguse kabisa.

Kizuizi kikiisha kuondoka, kifuko kikuu hukua hadi milimita 12 mpaka 20 na kumwaga estrojeni nyingi katika damu. Homoni hiyo hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza humtia ng'ombe joto: hulia, hazungumzi na majani yake kama jana, maziwa hupungua, uke huvimba na kung'aa, ute maangavu hunyooka kama uzi hadi mkiani, na akiwa na wenzake husimama kimya apandwe. Pili huiamsha pituitari itoe homoni ya kupasua kifuko kwa wingi na kwa mkupuo mmoja. Mkupuo huo hutokea karibu na mwanzo wa joto. Kwa amri yake, yai lililolala tangu kabla ya ng'ombe kuzaliwa huamka na kumaliza ukomavu wake, na ukuta wa kifuko huanza kulainika mahali pamoja. Saa 24 hadi 30 baadaye ukuta hupasuka, maji humwagika, na yai hudakwa na mdomo wa mrija unaokwenda katika mji wa mimba.

Joto la ng'ombe huchukua muda wa saa 12 hadi 18 hivi, na mara nyingi hupungua kuliko hapo. Kwa hiyo yai hutoka baada ya joto kwisha, saa 10 hadi 14 baadaye. Joto ni tangazo kwamba yai linakuja. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo linaloleta hasara kubwa. Katika binadamu, mbwa, nguruwe na mbuzi jambo hili haliko hivyo hasa. Kila mnyama ana taratibu yake, na desturi ya mmoja haifai kuhamishiwa kwa mwingine. Sungura jike hatoi yai mpaka apandwe, na hulitoa baada ya saa 10 hivi. Ngamia naye ni hivyo hivyo, na wafugao ngamia huko Mkuru, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, wanao mnyama asiyehitaji kuhesabiwa saa, maana dume lenyewe ndilo linaloleta yai.

Tuchukue mfano wa mwanachama wa Akeri au Poli. Ng'ombe wake anaanza joto Jumatatu saa 12 asubuhi. Yai litatoka Jumanne kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana. Likiisha kutoka, uwezo wake wa kutungishwa huanza kushuka baada ya saa chache, na ifikapo saa 12 tangu litoke limekwisha. Mbegu nayo ina masharti yake. Ile iliyogandishwa na kuyeyushwa huishi ndani ya ng'ombe kwa muda wa saa 24 hivi tu, na huhitaji saa 6 au zaidi kusafiri hadi mahali pa kukutana na yai na kupata uwezo wa kulitungisha. Mhimilishaji akifika Jumatatu saa 1 asubuhi, mbegu nyingi zitakuwa zimechoka au zimekufa kabla yai halijatoka. Akifika Jumatatu jioni, mbegu zitakuwa zimeketi zikingoja alfajiri ya Jumanne. Akifika Jumanne saa 9 alasiri, yai lipo lakini limezeeka wakati mbegu bado ziko njiani. Akifika Jumatano, amehimilisha mji wa mimba usio na yai. Ada italipwa, stakabadhi itaandikwa, na kila mtu atakuwa ametenda wajibu wake.

Kutokana na hesabu hiyo ipo kanuni ya zamani iliyotokana na kazi ya G. W. Trimberger wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, aliyoitangaza mwaka 1948. Ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi ahimilishwe jioni ya siku ile ile. Aliyeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi na mapema. Kanuni haidai dakika, na mhimilishaji akiweza kufika mara moja tu kwa siku bado mimba nyingi zitapatikana. Inachodai ni kwamba saa ya joto kuonekana mara ya kwanza ijulikane kwa hakika na isemwe kwa ukweli.

Tatizo ni kwamba saa hiyo mara nyingi haijulikani. Zamani dume la kijiji lilikaa na majike usiku na mchana, likinusa na kujaribu, na likapanda tena na tena mpaka jike lilipokataa. Mfugaji hakuhitaji kujua lolote. Uhimilishaji umemwondolea gharama na magonjwa ya dume, na umemletea mbegu ya madume bora kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, lakini kazi ya dume ya kujua saa amekabidhiwa yeye. Katika miteremko ya Meru kazi hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu ng'ombe wengi wa maziwa hufungwa mmoja mmoja bandani katikati ya migomba na kahawa. Ng'ombe aliye peke yake hana wa kumpanda. Joto lake likianza saa 4 usiku na kwisha asubuhi kabla mama hajamaliza kukamua, atakayeliona ni nani? Ng'ombe wenye damu ya kienyeji wana joto fupi zaidi, na mara nyingi huonyesha usiku. Kuzunguka bandani mara tatu kwa siku, alfajiri, alasiri na kabla ya kulala, kila mara kwa dakika 20 bila kazi nyingine mkononi, kunafaa kuliko kumtazama mchana kutwa huku mtu akipalilia. Mtoto anayeleta majani aulizwe alichoona. Mara nyingi yeye ndiye aliyeona kwanza, na hakusema kwa kuwa hakuulizwa.

Lipo jambo la damu. Siku moja hadi tatu baada ya joto ng'ombe wengi, hasa mitamba, hutoa damu kidogo ukeni. Wafugaji husema, "Amekataa mimba," na wengine humwita mhimilishaji upya siku hiyo hiyo. Damu hiyo haisemi kwamba ameshika wala kwamba hakushika. Hutokana na estrojeni iliyoshuka ghafla baada ya joto, na habari yake ni moja tu, kwamba joto lilikuwa jana au juzi na yai limekwisha kutoka. Ikiwa joto lenyewe halikuonekana, damu ina faida kubwa: tarehe iandikwe, na ng'ombe aangaliwe kuanzia siku ya 16 hivi baadaye.

Kadhalika wapo ng'ombe wasioonyesha joto kabisa baada ya kuzaa. Hawa hawana kosa la saa. Mawimbi ya vifuko huanza tena wiki chache baada ya kuzaa, lakini ng'ombe anayekamuliwa sana huku akilishwa shina la mgomba na majani makavu ya mahindi hula akiba ya mwili wake. Ubongo ukihisi upungufu huo huipunguza homoni ya kupasua kifuko, na kila kifuko kikuu hukua, hungoja amri isiyokuja, kisha hufa. Mhimilishaji hawezi kutibu njaa kwa mrija. Mwezi wa Agosti na Septemba, majani yakauka, makatibu wasishangae wito wa kuhimilisha ukipungua. Wengine tena hupata kifuko kinachokataa kupasuka na kuendelea kuvimba kupita milimita 25, na ng'ombe hao huhitaji daktari wa mifugo.

Hesabu ya mwaka ni hii. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi. Ili azae kila baada ya siku 365, zinabaki siku 85 tu tangu kuzaa hadi kushika. Mji wa mimba hupumzishwa siku 50 hadi 60 za kwanza. Zinazobaki ni siku 25 hadi 35, yaani joto moja, pengine mawili. Likipita moja bila kuonekana na la pili likihimilishwa kwa kuchelewa, ndama wa mwaka amekwishahamia mwaka mwingine.

Katibu mwenye daftari anaweza kuona mengi ambayo mkutano hauwezi kuyaona kwa kubishana. Vyama vingi huandika tarehe ya uhimilishaji, jina la mwanachama na namba ya mbegu. Haitoshi. Safu mbili ziongezwe: saa joto lilipoonekana mara ya kwanza, na saa mhimilishaji alipofika. Kwa kuwa siku hizi mwanachama hupiga simu, saa ya kupiga simu nayo iandikwe pale pale, kwa maana huwa inatofautiana na ile inayosemwa mkutanoni. Baada ya miezi 6 daftari litazungumza. Ng'ombe waliorudi kati ya siku ya 18 na ya 24 hawakutungishwa, au mimba ilikufa mapema mno. Hapo zitazamwe zile safu mbili, na ikiwa wengi walihimilishwa zaidi ya saa 24 baada ya joto kuonekana, sababu imepatikana. Ikiwa walihimilishwa kwa wakati na bado wanarudi, hapo ndipo mtungi na mkono wa mhimilishaji vichunguzwe, tena kwa ushahidi. Waliorudi siku ya 10 au 12 huenda hawakuwa na joto siku ile ya kwanza, bali walidhaniwa. Waliorudi siku ya 36 hadi 48 ama joto moja lilipita bila kuonekana, ama mimba ilianza ikaharibika.

Na safu ya tatu, kama karatasi inaruhusu, iwe ya tarehe ya kuangaliwa tena. Ng'ombe aliyehimilishwa tarehe 4 Machi aangaliwe tangu tarehe 22 hadi 28 Machi. Katibu aiandike tarehe hiyo nyuma ya stakabadhi ya mwanachama, kwa tarakimu kubwa, ili hata aliyetumwa kulipa aifikishe nyumbani.